Pikipiki ya Kijana wa Mzee Shokapu

Kijiwe chetu kiko Tunduma, mkono wa kulia ukitokea Mbeya, hatua chache kabla ya geti la kuvukia Nakonde, upande wa Zambia. Ni mabenchi mawili ya mbao, jiko la mkaa la Restuta na birika lake la kahawa ya Mbozi, na kibanda changu ninamoshonea viti vya pikipiki. Foleni ya malori inapita mbele yetu mchana kutwa, na ikifika mwezi wa nane upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya kikombe. Mimi wananiita Sponji, kwa sababu ndiyo kazi yangu, kujaza sponji pale watu wanapokalia. Jina langu la ubatizo wanalijua watu wa kanisani tu. Haya ninayoyasimulia ni ya mwaka elfu mbili na kumi na tatu, na ninayasimulia kwa aibu. Nisipoyasema mimi atayasema mwenzetu Kwacha, naye ninamjua, atajitoa yeye na kutuacha sisi wengine.

Tulikuwa na utaratibu mmoja tuliojivunia sana: hatuulizani. Mtu wa Tunduma anaulizwa vya kutosha. Getini ataulizwa jina, ametoka wapi, anakwenda wapi, amebeba nini, na akirudi ataulizwa tena hayo hayo. Sasa akija kunywa kahawa kwetu tumuulize nini tena? Alikuwa anapewa kikombe na jina la utani, basi, amekuwa mwenzetu. Mbonile tulimwita Deklareshen, kwa kuwa zamani alikuwa anakimbiza makaratasi ya forodha, kazi ikaisha, maneno ya forodha yakambaki mdomoni. Kwacha ni mbadilisha fedha. Clever, kijana wa bodaboda ambaye kichwa chake kinagonga turubai la kibanda changu kila akiingia, alikuwa Antena. Yupo mtu nimekunywa naye kahawa miaka sita sijui ana mke au hana. Tuliona huo ndio ustaarabu.

Mzee Shokapu alikuja mara ya kwanza mwezi wa tatu mwaka huo. Alivaa katambuga za tairi, shuka la mistari begani, fimbo mkononi, na ukimwangalia tu unajua ni mfugaji wa bondeni, wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kule Momba. Hakuja moja kwa moja kwetu. Alivuka kwanza hadi duka la pikipiki lililo ng'ambo ya barabara, akawa anakandamiza kiti cha pikipiki moja baada ya nyingine kwa kiganja, anaachia, anatazama inavyoinuka. Alikuwa anazipapasa kama mtu anayechagua dume mnadani. Alipovuka kuja kukaa, Deklareshen alikwishampa jina la Shokapu. Akasema anatafuta pikipiki ya kumfaa kijana wake, na kijana ni mrefu. Tukataka kujua ni mrefu kiasi gani, akainua mkono hadi juu ya kichwa chake, na yeye mwenyewe si mfupi.

"Akirudi, aikute," alisema.

Alikuwa anaangalia getini aliposema hivyo, na kwetu hilo linatosha. Watu wengi hapa wana mtu aliyevuka. Mzee alipoondoka, Restuta alisema ingekuwa vizuri tumuulize huyo kijana yuko wapi, kuuliza si ujinga. Deklareshen akamkatalia. Akasema kidonda cha mtu hakitoneshwi, mzee akitaka kusema atasema mwenyewe. Mimi nilimpigia makofi Deklareshen siku ile. Nilimwambia kwamba kwa mara ya kwanza ametumia methali mahali pake.

Basi kila mwisho wa mwezi mzee akawa anakuja, amepanda magari ya mpunga kutoka kwao Kamsamba, huko Momba, na sisi tunajadili pikipiki. Tulizijadili zote. Ya Kichina, ya Kihindi, ile ndefu ya mabwana shamba, iliyotumika, mpya. Antena ndiye aliyekuwa kipimo. Tulikuwa tunamkalisha juu ya kila pikipiki kwa niaba ya kijana, mzee anazunguka anatazama magoti, anatazama mgongo, mara nyingine anamshika Antena bega na kumnyoosha taratibu. Siku moja nilimwona amesahau mkono wake pale begani kwa muda mrefu, na Antena, ambaye ana mdomo, alinyamaza asimsumbue.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia, mwezi wa nane, tulikuwa tumetimia. Alikuwapo pia Kasiani, dereva wa lori la kwenda Kasumbalesa, kule mpaka wa Zambia na Kongo. Gari lake lilikuwa limekwama kwenye foleni tangu jana yake. Kila mwezi akipita Tunduma anakunywa kahawa kwetu, na alikwisha kaa benchi moja na Mzee Shokapu si chini ya mara tatu, wakigawana kashata. Safari hii alituletea shokapu mbili ndefu alizozipata Lusaka safari iliyopita, zimefungwa kwenye gazeti. Tulikuwa tumemwagiza mwezi wa tano. Tulimwambia kuna kijana mrefu sana anahitaji shokapu ndefu, na Kasiani, kwa vile anaujua utaratibu wetu, hakuuliza ni nani. Kwenye birika alikuwapo Violet, binti wa kaka yake Restuta, amefika jioni iliyopita kutoka Isoka, Zambia, kumsaidia shangazi yake. Hakuna aliyekuwa amempa jina bado.

Mzee akaja, tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa. Akasema leo anataka tumalize. Amekuja kununua.

Antena ndiye aliyeanza, maana yeye ndiye mwenye magoti.

— Mimi nitasema la moyoni, mzee. Mtu mrefu hateswi na mwendo, anateswa na magoti. Hizi ndogo za Kichina ukikunja kona goti linakutana na usukani. Usiku ukilala unajisikia kama umepiga magoti kanisani wiki nzima. Pikipiki ya kijana wako iwe juu, na pa kukanyagia pashushwe.

— Hilo la kwanza, akasema Deklareshen. La pili ni mzigo. Mtu mrefu uzito wake uko juu. Gari lililopakia juu mizani inalikataa, sasa pikipiki je? Gurudumu la mbele litanyanyuka. Mimi napendekeza huyo kijana afungiwe jiwe mbele, kwenye taa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo na jiwe vinahusiana nini? nikamuuliza.

— Anainama. Akiinama uzito unashuka. Umeelewa sasa?

Kwacha akacheka hadi kahawa ikamwagika. Yeye alikuwa na habari zake za Lusaka, kama kawaida. Huko kuna jamaa mrefu kuliko mlango, alisema, pikipiki zote zilimshinda, akaenda kwa fundi akamwunganishia mbili, akakata ya kwanza nyuma na ya pili mbele, ikawa moja ndefu. Anaiendesha hadi leo, na kwenye kona anashuka kwanza anaigeuza kwa mikono.

— Umemwona wewe? akauliza Antena.

— Nimemwona mtu aliyemwona.

— Hayo ya Lusaka yaacheni, nikasema mimi. Tatizo ni kiti. Nipeni kiti nikijaze sponji mara tatu, ile ngumu chini, laini katikati, ngumu tena juu. Mtu mrefu akikaa hapo magoti yanashuka yenyewe. Nimewatengenezea mapadri, nimewatengenezea wanajeshi.

— Na shokapu hizi? akauliza mzee. Alikuwa amekwisha kulifungua lile gazeti, amezilaza mapajani.

— Shokapu ni za watu wafupi, akajibu Deklareshen bila kuona haya. Mtu mrefu miguu yake yenyewe ni shokapu. Mimi ningezing'oa zote. Kwanza mzee, unisamehe, kosa lilifanyika zamani. Samaki mkunje angali mbichi. Huyu kijana mngemkunja akiwa mdogo, leo angeenea kwenye pikipiki yoyote.

Tukacheka wote, hata Kasiani ambaye kucheka kwake ni kwa nadra. Mzee naye alitabasamu kidogo, akaangalia zile shokapu.

— Nilimkunja, alisema. Labda ndiyo maana.

Tukacheka tena. Mungu anisamehe, tulidhani na yeye anatania. Nimelikumbuka neno lile mara nyingi tangu siku ile, na kila nikilikumbuka nashindwa kuelewa masikio yetu yalikuwa wapi.

Mjadala ukaendelea mpaka Restuta akaongeza mkaa. Kwacha akadai watu warefu damu inachelewa kufika kichwani, hivyo kijana asipite mwendo wa baiskeli, la sivyo atasinzia juu ya pikipiki. Deklareshen akatoka kwenye hoja ya jiwe akaingia kwenye ya mwavuli. Antena akachoka kuwasikiliza, akavuka barabara akaikalia ile ndefu nyekundu, mtindo wa mabwana shamba, iliyokuwa mwisho kabisa. Akanyoosha mgongo. Magoti yakakaa chini ya usukani na nafasi ikabaki ya kupitisha kiganja. Akaweka mguu chini bila kujipinda. Mwenye duka akatoka, akasema shokapu zile ndefu zitaingia bila kukata kitu.

Tukatulia. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Miezi sita tunabishana, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa na la kupinga. Hata Deklareshen alisema tu kwamba rangi nyekundu inavuta jua. Mimi nilikuwa nimefurahi kama vile nainunua mimi. Nikamwambia mzee kiti chake nitakishona bure, na nilikuwa nasema kweli.

Mzee akasimama, shokapu kwapani. Akaingiza mkono ndani ya shuka, kwenye mfuko wake wa ngozi.

Hapo Violet, aliyekuwa ameinama anasuuza vikombe, akainua kichwa. Aliongea Kiswahili chake cha Isoka, polepole, na kwa heshima zote, akimwita mzee babu kwa lugha ya kwao.

— Samahani, bashikulu. Kabla hamjalipa. Si aje kwanza mwenyewe aikalie? Huyo kijana yuko wapi?

Restuta alimkanyaga mguu mpwa wake, lakini neno lilikwisha toka. Deklareshen akakohoa, akaanza kusema kwamba hapa kwetu, binti, kuna utaratibu. Nami nilikuwa nimekwisha kasirika. Nilitaka kumwambia binti huyu kwamba amekuja jana na leo ameharibu tulichokilinda miezi sita.

Mzee alimnyamazisha Deklareshen kwa mkono. Akakaa tena, taratibu sana, karibu na birika, karibu na Violet. Alimtazama mpaka macho yakamjaa machozi.

— Asante, ng'wanawane, alisema. Asante mwanangu. Sijui yuko wapi.

Akazirudisha shokapu mapajani.

— Sijui, akarudia. Miaka minne sasa. Alikuwa na miaka kumi na saba. Aliomba pikipiki. Vijana wenzake pale Kamsamba walikuwa wameanza kuwa nazo. Nikamwambia sisi ni watu wa ng'ombe. Akaomba tena mbele ya wageni, nikaona amenivunjia heshima. Nikamwambia, ukitaka pikipiki nenda katafute mwenye pikipiki awe baba yako. Kwa mdomo huu. Jioni akaleta ng'ombe, akafunga zizi vizuri, hakuacha hata mti mmoja wazi. Asubuhi hayupo. Watu wakaniambia ameonekana huku Tunduma, amedandia lori, amevuka.

Antena alikuwa amerudi, amesimama nyuma yake, hakukaa.

— Mzee, nikasema, na sauti yangu niliisikia ni ndogo. Mbona hukutuambia?

— Ningeanzaje? Mtu aliyemfukuza mwanaye mwenyewe anaanzia wapi kuwauliza watu kama wamemwona? Nikasema nitakwenda kukaa na watu wanaoijua barabara. Madereva wote wanakunywa kahawa pale. Nitazungumza habari za pikipiki. Wataniuliza tu ni ya nani, mwenyewe yuko wapi, hapo na mimi nitasema. Mkawa hamuulizi. Nikirudi nyumbani mama yake ananiuliza, wamesemaje? Namwambia, wamesema ya Kihindi inafaa zaidi.

Akapangusa uso kwa ncha ya shuka.

— Baadaye nikadhani mnalijua kosa langu. Nikadhani ndiyo maana hamuulizi, mnaona aibu kwa niaba yangu.

Kwacha alikuwa anatazama chini. Deklareshen alifungua mdomo, nami nilijua anatafuta methali, na nilijua hataipata. Tulijiona waungwana miezi sita, kumbe tulikuwa tunamfungia mtu mlango usoni, kisha tunamkaribisha kahawa.

Violet hakuwa na habari na aibu zetu. Akamuuliza tena, kama mtu anavyouliza bei ya nyanya.

— Anaitwa nani, bashikulu?

— Ngolo. Ngolo Makene. Mimi ndiye Makene.

Kasiani alikuwa upande wa pili wa benchi. Sikuwa nikimtazama, ila nilisikia kikombe chake kikigonga mbao. Alikuwa amekiweka vibaya, kahawa inamwagikia suruali, na hakuipangusa.

— Makene wa Kamsamba? akauliza.

— Ndiye mimi, baba.

— Wewe ndiye Makene?

Mzee akageuka. Nadhani aliona usoni kwa Kasiani kitu ambacho sisi hatukukiona bado, maana aliziweka zile shokapu chini, akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

Kasiani si msemaji. Alitoa maneno kama mtu anayepakua mzigo peke yake. Pale Kasumbalesa, kwenye maegesho ya malori, alisema, palikuwa na kijana mrefu wa Kitanzania aliyekuwa anauza vocha na kulinda magari usiku. Madereva wa huku wanamjua. Mchapakazi, hana makuu. Kila gari la Tunduma likiingia, kijana anapanda kwenye ngazi ya dereva na kuuliza swali moja. Anauliza kama kuna mzee anaitwa Makene, wa Kamsamba, huwa anaonekana Tunduma.

— Na mimi aliniuliza, akasema Kasiani. Mwaka jana wote. Akasema, ukimwona, usimwambie niko wapi. Muulize tu kama bado amekasirika.

Midomo ya mzee ilikuwa inatembea.

— Mwezi wa nne nilikaa hapa na wewe. Mwezi wa tano nikakaa na wewe. Nilikuwa nimekusudia kuuliza, wallahi, nilikuwa nalo mdomoni. Nikakumbuka hapa hatuulizani. Nikasema nitauliza kule stendi, nikauliza stendi, hawamjui. Hapa nawasikia wanakuita Shokapu, Mzee Shokapu. Mimi ningejuaje?

— Ulimjibu nini? akauliza mzee.

— Nilimwambia sijamwona mtu huyo.

— Akasemaje?

Kasiani alimtazama Restuta, akanitazama mimi, kama tungeweza kumsaidia. Hatukuweza.

— Mwisho wa mwezi wa tano. Nilimwambia nimeuliza Tunduma, hakuna anayemjua mzee Makene. Akasema sawa, kaka, basi usihangaike kuuliza tena.

Mwisho wa mwezi wa tano. Siku chache kabla ya hapo Kasiani na mzee walikuwa wamekaa pale pale, bega kwa bega, na sisi tunamwagiza Kasiani shokapu ndefu kutoka Lusaka. Tulimweleza urefu wa shokapu, unene wake, tundu la skurubu. Mzee akimega kashata na kumpa nusu.

— Sasa yuko pale? mzee akauliza. Bado yuko pale?

— Mwezi wa saba sikumkuta. Nilimtafuta. Wengine wanasema ameingia ndani ya Kongo, Kolwezi, kwenye machimbo. Mmoja alisema alikuwa anaumwa, amebebwa na gari la Wakongo. Hakuna anayejua vizuri, mzee. Pale mtu akitoka, nafasi yake inachukuliwa siku hiyo hiyo.

Mwenye duka alisimama ng'ambo, mkono juu ya ile pikipiki nyekundu, anatusubiri. Kwacha akamfanyia ishara aondoke. Restuta alikuwa analia bila sauti na huku anaendelea kupuliza mkaa, sijui kwa ajili ya nani, hakuna aliyekuwa anataka kahawa. Nilitamani mzee atutukane. Ningeinama nikapokea. Ningempa hata ile fimbo yake anipige nayo.

Hakututukana. Aliangalia malori mawili yakisogea mbele kwenye foleni na la tatu likichukua nafasi. Kisha akamwuliza Kasiani kama kijana amekuwa mrefu kweli. Kasiani akasema ni mrefu, mzee, alikuwa anainama kuongea na mimi dirishani. Mzee akatikisa kichwa, akasema mama yake alikuwa anabisha, alikuwa anasema njaa ya miaka minne inaweza kumzuia mtu asikue.

Nikamwambia nitaulizia. Nikasema kuanzia leo kila dereva atakayekaa hapa nitamuuliza, na Kwacha atauliza wabadilisha fedha wenzake, na Antena atauliza wenye bodaboda wa Nakonde. Nilisema haraka haraka, maneno yanapandana. Mzee alinisikiliza kwa adabu, akasema asante, Sponji. Halafu akaniuliza jina langu. Nikamwambia naitwa Fanuel. Akasema, asante Fanuel.

Honi ya gari nyuma ya lori la Kasiani ikalia, foleni ilikuwa inasogea na yeye anaziba njia. Kasiani akasimama, akabaki amesimama hapo hapo, funguo mkononi. Mzee naye akasimama. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

— Mwambie nilikasirika siku mbili tu, alisema. Siku ya tatu nilikuwa barabarani namtafuta. Mwambie hivyo. Siku mbili tu.

— Nitamwambia, mzee, akasema Kasiani.

Violet alikuwa bado na kikombe chenye povu mkononi. Alimtazama Kasiani, kisha akatutazama sisi sote, mmoja mmoja, na hakuwa anatulaumu. Alitaka tu kujua.

— Utamwambia wapi?

Kasiani alitazama zile funguo. Mimi nilimtazama Deklareshen, na Deklareshen alikuwa ananitazama mimi.